Mrija wa Shemeji

Kwetu Malaba pombe ya wimbi hainywewi kwa kikombe. Chungu huwekwa katikati ya ua, watu wakakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, nami mwenye nyumba hupita na birika la maji moto nikiongeza. Mrija wa mtu huachwa pale anaponywea. Wa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ulining'inia jikoni kwangu miaka kumi na minne. Kila Jumapili baada ya misa alivuka mto kutoka upande wa Uganda kuja kwetu Kenya, akaingia jikoni na kuuchukua bila kuuliza. Jambo hilo liliniudhi, kisha nikalizoea.

Watu husema nina mdomo. Nina mikono pia.

Mwaka huo wakubwa wa nchi hizi mbili walikuwa wakirushiana maneno redioni juu ya mpaka, na askari wakaongezwa kila upande. Vijana wetu waliwapiga akina mama wa ng'ambo waliokuja kuuza ndizi sokoni, wakamwaga mzigo wao mtaroni. Nilipita pale nikasema akina mama wale wamekoma. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Wiki iliyofuata mwanangu, ambaye huendesha bodaboda, alivuka kupeleka abiria, na wenye bunduki wa kule wakamvunja mkono. Pikipiki ilibaki huko. Yeye alirudi kwa miguu.

Jumapili ile nilijua shemeji hatathubutu kuja. Alikuja. Alimpa mwanangu pole, akachukua mrija wake, akaketi. Mzee mmoja akamuuliza vita vikianza atasimama wapi. Akajibu kwamba yeye ni mkulima, atasimama shambani kwake. Wawili watatu walicheka. Lilikuwa jibu zuri, nami nilimchukia kwa uzuri wake. Nilitaka aseme watu wake ni wanyama. Nilisimama mbele yake na birika, nikamwambia amtaje aliyemvunja mwanangu mkono, maana kule kwao wanajuana. Akasema hamjui, na nadhani alisema kweli.

Nikaweka birika chini. Nikauchomoa mrija wake chunguni, nikauvunja kwa goti, nikamtupia vipande miguuni.

"Hapa huna kiti tena," nikamwambia. "Rudi kwenu."

Hata mlevi aliyewatukana wakwe hajawahi kufanyiwa hivyo kwetu. Wazee waliitoa mirija yao mmoja mmoja, wakaondoka bila kuaga. Shemeji aliokota vile vipande viwili, akavifuta vumbi kwa shati lake la misa, akaenda navyo. Niliona ni kiburi. Hasira hasara, mama alizoea kuniambia, nami nilizoea kumjibu kwamba hasara ni ya mwenye mali. Chungu kizima kilichacha pale uani, nikakimwaga kesho yake.

Miezi miwili baadaye mdogo wangu alinipigia simu. Hakunisalimu. Alinieleza kwamba kule kwao mumewe alikuwa akishukiwa kitambo, akiitwa jasusi wa Kenya kwa ajili ya zile Jumapili zake, na sasa aliitwa mbele ya kijiji ajieleze. Basi akatoa vile vipande vya mrija, akawaambia ni shemeji yake aliyeuvunja, mbele ya wazee. Kule nako wanakunywa kama sisi, kwa hiyo hapakuhitajika maelezo zaidi. Wakamwamini. Wakampa bunduki.

"Ambia kijana asivuke huku tena," mdogo wangu akasema. "Mwenye anasimama kivukoni siku hizi ni baba ya watoto wangu."

Nikamuuliza kama kweli mtu yule, aliyembeba mwanangu mabegani akiwa mtoto, anaweza kumpiga risasi.



"Si ulimwambia arudi kwao?" akasema. "Amerudi."