Kona Zote za Tokie

Kibandiko cha wazee, kile cha rangi nne chenye umbo la jani ambacho kila dereva aliyekula chumvi nyingi huombwa akiweke kwenye gari, Tokie alikibandika kwenye toroli la mbolea. Jirani yake Kiyo alipomwuliza kulikoni, alijibu kwamba katika vyombo vyake vyote vya usafiri, toroli ndilo lililozeeka.

Ndivyo alivyokuwa mama huyu. Miaka themanini na moja, mjane, mkulima wa yuzu, yale malimau makali ya milima ya Tokushima huko Japani, na mwenye kigari cheupe cha mizigo ambacho kiti chake kilishachukua umbo lake. Basi lilishaacha kupanda huko juu. Duka lilifungwa, na shule aliyosoma utotoni nayo ikafungwa. Asiye na gari huko hukaa akisubiri kuhurumiwa, na kuhurumiwa ni kazi ambayo Tokie hakuwahi kuiweza.

Lakini dereva wa umri wake hapewi leseni mpya mpaka afanye mtihani wa kumbukumbu. Unaonyeshwa picha, unapotezwa mawazo kidogo kwa kukata tarakimu kwenye karatasi, kisha unaambiwa uandike ulichoona. Tokie alinunua kitabu cha mazoezi akakikariri chote. Mzinga, simba, kikaango, waridi. Akipalilia, anazitaja. Akiwa ndani ya pipa la kuogea, maji yamemfika kidevuni, anazitaja.

Siku ya mtihani zikaletwa picha nyingine. Aliiona ngoma kwa macho yake, akaliona na birika. Aliposhika kalamu akaandika mzinga, simba, kikaango, waridi, akaikabidhi karatasi huku anatabasamu. Alikuwa nje tayari, anatafuta funguo mkobani, alipogundua kwamba mle ndani hakuonyeshwa simba wala mzinga wowote. Aliogopa kuliko siku aliyomzika mumewe, maana siku ile alijua la kufanya.

Alama hazikutosha. Aliambiwa arudie kabla leseni haijaisha muda, la sivyo aende kwa daktari. Jioni mwanawe Yasunori akapiga simu kutoka Osaka.

"Mama, irudishe tu hiyo leseni. Chumba chako kipo tayari, tumeshaweka mpaka pazia."

"La rangi gani?"

"Kijani."

"Basi mpeni mgeni anayependa kijani."

"Mama, siku moja utamgonga mtoto wa watu."

Hilo lilimchoma, kwa sababu yeye mwenyewe lilikuwa linamkosesha usingizi. "Usiku siendeshi," akasema. "Mvua ikinyesha siendeshi. Wewe juzi umekamatwa unaongea na simu huku unaendesha, leo unanifundisha mimi?"

"Hayo ni mambo mawili tofauti."

"Ni mamoja. Lako tu bado lina nywele nyeusi. Sikiliza, Yasunori. Siku nikiona siwezi, ufunguo nitakutumia kwa posta, na hutaniomba. Lakini nitaona mimi."

Kesho yake alimpeleka Kiyo zahanati, kama kila wiki. Kiyo alimzidi umri kwa mbali, na kichwa chake kilikuwa kimeanza kuvuja.

"Umekula nini asubuhi, dada?" Tokie akamwuliza.

"Sijui. Kwani nimekula?"

Gari likakata kona ya kwanza, na Kiyo akanyoosha kidole. "Hapa Mitsue alimwaga ndoo nzima ya figili za kuchachua, siku ya harusi yake." Kona ya pili: "Hapa dume la ng'ombe la Genzo liligoma, likalala njiani mpaka jua likazama." Akaendelea hivyo mpaka bondeni, hakuruka hata kona moja. Gari liliposimama zahanati, akauliza wamefuata nini.

Tokie alibaki ameshika usukani. Aliporudi nyumbani alikitia kile kitabu kwenye moto wa maji ya kuoga.

Tangu hapo akaanza kuweka vitu barabarani. Chochote alichotaka kukikumbuka alikiweka kimawazo kwenye kona mojawapo, kisha akaishuka barabara ileile kichwani kukichukua. Mwanzoni aliokota nusu. Hakuwa mwepesi tena wa kushika mapya na hakujidanganya kwamba yu mwepesi. Alirudia hadi uchovu ukamtoa machozi, akajitukana, akarudia tena.

Mtihani wa pili, msimamizi alikuwa binti mwenye sauti ya kubembelezea watoto. "Bibi yangu, leo tumeamkaje?"

"Sijui wewe. Mimi nimeamka mzima."

Picha zikaanza kupita. Farasi akamfunga kwenye daraja bovu. Kitunguu akakiweka kaburini kwa mumewe, ambaye hakuvipenda. Sikio akalitundika kwenye lango la shule, pale mwalimu alipokuwa akimvuta la kwake kila akichelewa. Zikaja zile tarakimu, akazikata kama anayeng'oa magugu. Kisha akaambiwa aandike, naye akafumba macho.

"Bibi, umesinzia?"

"Naendesha," Tokie akajibu.

Akashuka kona baada ya kona, anaokota na kuandika, anaokota na kuandika. Safari hii alama zilitosha na kubaki.

Akapanda mlima kurudi kwake kwa raha, akiwa na hakika ya leseni. Darajani akamsalimu farasi. Kaburini akacheka peke yake. Alipofika kona ya shule, hapakuwa na kitu; alichokitundika pale kilikuwa kimemtoka.

Akasimamisha gari kando. Akazima injini. Lango lilikuwa palepale, limeota kutu, na kona ilikuwa tupu. Hakuna aliyemwona, angeweza kuondoka, mtihani si ulikwisha? Akachomoa ufunguo, akauweka kwenye paja, akautazama. Atautuma bila Yasunori kumwomba. Ndivyo yeye mwenyewe alivyosema, na alikuwa amekusudia kila neno.

Alikaa. Jua likahama kutoka kwenye kioo. Alimkasirikia mwalimu yule aliyekufa zamani, akalikasirikia lango, akajikasirikia mwenyewe, na katika kukasirika huko mkono wake wa kushoto ukapanda wenyewe, ukashika sikio, pale pale palipokuwa pakimuuma.

"Sikio," akasema kwa sauti, kama anayemjibu mtu.

Akaurudisha ufunguo mahali pake na kuwasha gari. Alipolipita lango alipiga honi, ndefu, ingawa shule nzima haikuwa na mtu wa kuisikia.