Nyuki wamenivua kilemba mbele ya kwaya

Leo nyuki wamenivua kilemba mbele ya wanakwaya wenzangu.

Nina kipara cha duara utosini, kilianza mwaka jana. Shangazi yangu wa kijijini Ziba kaniletea asali mbichi, nichanganye na maji ya kitunguu, nipake, nikae juani.

Nikapaka. Nikafunga kilemba, nikakaa uani hapa Isevya nachagua mchele.

Wanakwaya wakaingia kwa mazoezi. Nyuki nao wakaingia.

Jamani, nilikitupa kilemba nikakimbilia jikoni kwenye moshi.

Nyuki walipotawanyika nikatoka kichwa wazi, kinanata. Wote macho utosini, pale nilipopaficha miezi yote hii.

Mama Neema, kiongozi wetu, akasogea. Akanigusa kichwa kwa kidole, akalamba.

"Ukiondoa kitunguu, hii ni asali yenyewe. Haijatiwa sukari. Umeipata kwa nani?"

Basi wote wakataka chupa. Nywele hakuna aliyeziulizia.

Nimeimba kichwa wazi mpaka mwisho, na Jumapili naimba hivihivi.

Shangazi, nywele bado, ila wateja unao.

Mwenye dawa nyingine ya kipara aiandike hapo chini. Ila isiwe tamu.