Dhambi ya Kumzika Fundi

Mpaka leo nikiikumbuka Jumapili ile, damu inanichemka.

Baba yangu aliingia msikitini mara moja tu maishani mwake, siku ya kumzika jirani yetu wa mtaani Kamalondo, fundi wa nguo, Mwislamu aliyekuwa rafiki yake tangu ujana. Alivua viatu, akasimama mstari wa nyuma kabisa maiti ikiswaliwa, kisha akalibeba jeneza pamoja na wengine. Basi. Katekista alimwona, na mdomo wa katekista wetu haukujua kupumzika.

Padri akamwita. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikamsindikiza. Ilibaki wiki moja dada yangu aolewe, na ukoo wa bwana harusi ulikuwa umekwisha kupanda treni kutoka Kasai. Padri akaichukua karata ya baba, ile kadi ya Wakatoliki, ambayo bila muhuri wa padri huozi mtoto kanisani. Akasema baba apige magoti mbele ya watu wote na kuungama, la sivyo hakuna ndoa.

Baba akamjibu kwa adabu.

“Mon père, kila samedi niko mu nyumba ya sala ya Bayuda. Bosi wangu ananituma nibawashie taa, juu siku ile beko bakatazwa kugusa moto. Nabakia mule mupaka sala inaisha. Hamukunikataza hata siku moja.”

“Ile ni kazi,” padri akasema.

Kazi. Yaani ukitumwa na mzungu Myahudi kwenye sinagogi kila Jumamosi, Mungu anafumba macho. Ukienda kwa mapenzi yako kumzika mwenzio, anakuandikia dhambi. Nilitamani kumrukia.

“Mkono usioweza kuukata, ubusu,” mama alituambia nyumbani. Nilimchukia kwa neno hilo.

Jumapili baba akapiga magoti. Akasema alimzika rafiki yake, asamehewe. Padri akangoja. Kanisa zima likangoja. Mwishowe baba akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ilikuwa dhambi.

Siku ya harusi, tuliporudi nyumbani kutoka kanisani, mtoto mkubwa wa marehemu fundi, mtu mzima mwenye familia yake, akaja kutupongeza. Baba alimwona kwa dirisha, akajifungia chumbani, akaniagiza niseme hayupo.

“Baba iko?” akaniuliza.

“Hapana. Alitoka.”

“Haina neno. Nitamungojea.”

Mama akampa kiti na chai. Akakaa pale mpaka jua likatua, na baba hakufungua mlango.