Mkatoliki Mmoja Mbele ya Halmashauri

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa Mkatoliki pekee miongoni mwa walimu wa chuo cha ualimu cha Waprotestanti, kando ya barabara ya kwenda Kombewa. Nilifundisha hesabu. Kila asubuhi niliimba nyimbo zao pamoja nao, nyingine nikizipenda kuliko zetu, na kila Jumapili nilipanda baiskeli kwenda misheni yetu, mwendo wa saa nzima kwenye vumbi. Hakuna aliyenisumbua, mpaka ilipofika Jumatano ya Majivu.

Padri alisoma Misa alfajiri, kwa Kijaluo, kwani Kilatini kilikuwa kimeachwa juzi tu. Nikatoka pale moja kwa moja hadi darasani, majivu kwenye paji la uso. Msichana wa mstari wa mbele akainua mkono.

"Mwalimu, umejipaka masizi."

"Si masizi. Ni majivu ya Kwaresima. Haya, fungueni vitabu."

Kufikia chakula cha mchana habari zilikuwa zimemfikia mkuu wa chuo, mchungaji mpole asiyependa ugomvi. Akaniita ofisini.

"Bwana, sina neno na imani yako. Lakini mwaka kesho ukipakwa hayo majivu, unawe kabla ya kuingia darasani."

"Uliponiajiri uliniuliza kama mimi ni Mkatoliki, nikakubali," nikamjibu. "Sikusema ni Mkatoliki wa Jumapili tu. Sitanawa."

Mkuu akashusha pumzi.

"Basi itabidi halmashauri ya chuo iamue."

Wiki mbili mke wangu hakupata usingizi mzuri. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya chuo, naye alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili. Hata hivyo hakunishawishi. "Ukinawa," alisema akichambua mboga, "utaniambia nini mimi niliyepakwa pamoja nawe?"

Siku ya kikao nilisimama mbele ya wazee saba. Mmoja alisema nitawapotosha wanafunzi. Mwingine akauliza kama ninamwabudu Maria. Nikasema hapana, ninamwomba aniombee. Ndipo mwinjilisti mstaafu kutoka Seme, mmoja wa wale saba, akavua miwani.

"Padri akikupaka, anakuambia nini?"

"Kwamba mimi ni mavumbi, Mzee, na mavumbini nitarudi."

"Hayo yamo katika Mwanzo. Mimi huyasema kila tukizika mtu." Akawageukia wenzake. "Sasa jamani, tunamfukuza mtu kwa kuvaa usoni kile tunachohubiri?"

Mmoja wao akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Ilipopigwa kura, mikono sita iliinuka niendelee kufundisha, majivu na yote. Mkuu wa chuo ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa mkono.

"Nikuambie ukweli," alininong'oneza, "nilikuwa naogopa utakubali kunawa."

Nilikimbia mpaka nyumbani, mwalimu mzima mwenye tai. Mke wangu aliponiona kwa mbali akajua. Alipiga vigelegele hata wake wa walimu wenzangu, Waprotestanti wote, wakatoka nje wakiuliza nani anaoa. Walipoelezwa, wakapiga vyao, vikali kuliko vya kwake.