Geti la Pili

Nianze kwa kukiri: mama yangu alikatiwa pesa za mayatima kwa sababu mimi nilikuwa na adabu. Sikukusudia. Afisa wa pesa hizo alikuja nyumbani kwetu, nje kidogo ya Rodi Kopany, siku ambayo nilikuwa nimetoka Rongo, ninakofundisha, kuwajulia hali mama zangu wawili. Alikuwa mgeni katika sehemu zetu na Kijaluo hakukijua hata cha kuombea maji. Nao mama zangu Kiswahili chao ni cha sokoni, cha kupunguziana bei. Kwa hiyo mimi ndiye niliyesema kwa niaba ya boma zima.

Na boma letu ni la wake wawili. Baba alifariki zamani, akaacha nyumba mbili ndani ya ua mmoja wa minyaa. Moja inatazamana na geti, nayo ni ya mikayi, yaani mke wa kwanza, ambaye mimi humwita mama mkubwa. Nyingine iko kuliani kwake, nayo ni ya mama aliyenizaa. Mama mkubwa alikuwa akipata pesa za wazee. Mama alikuwa akipata za mayatima, kwa ajili ya wasichana wawili walioachwa na marehemu kaka yangu. Wasichana hao walikula kwa mama, na usiku walilala kwa mama mkubwa, kama wajukuu wa kike wanavyolala kwa nyanya yao, dani kwa Kijaluo, wakisimuliwa hadithi mpaka usingizi uwabebe.

Afisa alishika kitableti chake, akatazama huku na huku, akaniuliza, "Mwalimu, mkubwa wa hii boma ni nani?"

Wote wawili walikuwa wameketi mbele yangu. Ungejibu nini wewe?

"Ni mama mkubwa," nikasema, nikimwonyesha kwa mkono wazi.

"Na huyu mwingine?"

"Huyu yuko chini yake."

Mama akatikisa kichwa kukubali, ameridhika kwamba mwanawe amelelewa vizuri. Afisa akabonyeza, akamaliza chai yake, akaondoka.

Malipo yaliyofuata, mama alikwenda kwa wakala, akaweka kidole, hakuna kitu. Akadhani mtambo una hitilafu. Akarudi wiki iliyofuata, kidole amekisugua kwa sabuni. Hakuna. Mwezi wa pili shule iliwaondoa wasichana kwenye chakula cha mchana, na mdogo, aliyekuwa na miaka sita, akawa anarudi nyumbani saa saba kunywa uji wa asubuhi uliobaki. Nilituma nilichoweza. Mshahara wangu naujua mwenyewe.

Nilipoandamana na mama hadi ofisini, afisa yule yule alifungua kitableti akatusomea: nyumba moja, mkuu mmoja, wanaolipwa wawili. Kanuni haikubali. Mmoja ameondolewa.

Nilipandisha hasira. Nikamwambia hao ni wake wenza, kila mmoja ana paa lake, jiko lake na shamba lake, na kama hajui maana ya wake wenza angeuliza kabla ya kunywa chai yetu. Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika.

"Mwalimu, mimi naandika chenye naona na chenye naambiwa," akasema. "Niliona geti moja, na wewe ukaniambia huyu yuko chini ya yule. Kila mtu akuwe na geti yake na watu wake, nitamrudisha. Lakini nikikuja tena nipate ni nyumba moja, sistimu itatoa wote wawili."

Kwa mgeni, geti ni mbao na bawaba. Kwetu, ukitoboa ua wa marehemu ili mke wake mmoja atokee kivyake, umewatangazia watu wote kwamba boma limevunjika. Mama alikataa katakata. Alisema atauza kuku mpaka jogoo, kisha atatafuta vibarua, lakini hatatoka kwa mumewe kupitia tundu.

Mama mkubwa hakubishana naye. Kesho yake asubuhi alichukua panga akaanza kukata minyaa kando ya nyumba ya mama, utomvu mweupe ukimrukia mikononi. Mama alimfuata nyuma akimsihi aache. "Watu watasema nini, nyieka?" akalia, kwa jina ambalo wake wenza huitana.

"Waache waseme," mama mkubwa akajibu, bila kugeuka. "Kwani watoto wanakula heshima?"

Mimi nilisimama pembeni na simu, nikingoja kupiga picha ya kumpelekea afisa. Sijawahi kujichukia kama asubuhi ile.

Pesa zilirudi, baada ya kuzungushwa sana. Wasichana wakarudi kula shuleni. Lakini kwa hofu ya kukaguliwa tuliwahamishia kwa mama, walale huko huko. Na mimi, mwalimu, nikawafundisha somo: mtu wa ofisi akiuliza, yule nyanya ni jirani. Nikawauliza, wakajibu, nikawauliza tena, mpaka wakaacha kucheka.

Afisa alikuja siku ya likizo, kwa pikipiki, akapitia geti jipya. Akamwinamia yule mdogo, akamwonyesha mama mkubwa aliyekuwa amesimama mlangoni kwake. "Yule nyanya ni nani wako?"

"Ni jirani," mtoto akajibu, mikono nyuma, kama darasani.

Afisa akapaza sauti. "Ni kweli, nyanya?"

"Kweli," mama mkubwa akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Sisi jirani tu."

Akabonyeza, akatuaga vizuri, akawasha pikipiki. Haikuwa hata imefika barabarani pale mtoto alipokimbia kuvuka ua, amejaa furaha, akamrukia mama mkubwa miguuni. "Dani, nimesema vizuri?"

Mama mkubwa alitazama kule mlio wa pikipiki ulikokuwa bado unasikika. Akaitoa mikono ya mtoto kwenye kanga yake, mmoja, halafu wa pili.

"Umesema vizuri sana," akamwambia. "Sasa rudi kwenu."