Maji ya Waya wa Redio

Juzi nilirudi Ruiru, rafiki yangu, upande wa Gitothua. Radi ikanguruma, lakini redio ya dukani haikukwaruza hata kidogo. Nilisimama pale kama mjinga, nikiusubiri ule mkwaruzo.

Miaka ya hamsini tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa. Redio ilikuwa moja, ya mwalimu, yenye betri kubwa kama tofali. Waya mmoja ulipanda juu ya mti wa mukima, mwingine ulizikwa ardhini, na kazi yangu ilikuwa kuumwagia maji huo wa ardhini kila jioni. Mwalimu alisema udongo ukikauka sauti hufifia. Nyanya alinitania kwamba nanyunyizia maneno ili yaote. Tuliketi tukinuka moshi na maganda ya kahawa, tukisikiliza matangazo ya watu wanaotafutwa na jamaa zao.

Jioni moja mawingu yalitanda. Nikaona mvua itanifanyia kazi, nikaendelea kuruka kamba. Haikunyesha. Ilikuwa radi kavu tu. Mtangazaji akamtaja jirani yetu, mpalilia kahawa kutoka Kakamega, akasema, "Mama yako..." Redio ikakwaruza, ikaendelea kukwaruza.

Jirani alimwuliza kila mtu, hakuna aliyesikia. Asubuhi meneja wa shamba akamnyima ruhusa ya kwenda kwao mpaka ajue mama ana nini. Nyanya alimwambia aende tu, mama ni mmoja. Lakini kutoroka kulikuwa kupoteza kazi na nyumba, naye alikuwa na watoto, kwa hiyo akangoja barua. Ilifika siku ya tano: mama alikuwa hoi, alimwita sana, na wameshamzika. Ndipo meneja akampa ruhusa, akalione kaburi.

Mwalimu alinikuta nikilia kando ya waya.

"Ni radi, mwanangu. Hata ikipiga mbali, redio huisikia. Maji yako hayangeizuia."

Mwalimu hakuwa mtu wa kudanganya, ila mpaka leo nashuku alinihurumia.

Jirani alirudi kichwa kimenyolewa. Jioni hiyo aliichukua ndoo mkononi mwangu, akamwaga maji mwenyewe, polepole.

"Asante, mama," aliniambia, maana ndivyo watu wa kwao walivyowaita wasichana wadogo. "Wewe ndiye unatusaidia kusikia."

Sasa mukima umekatwa, kahawa imekuwa nyumba za kupanga, na yeye, mwalimu na nyanya wote wamekwenda. Sikuwahi kumwambia jirani kwamba jioni ile niliruka kamba, sikumwaga maji.