Ngazi za Kisima cha Malkia

Baba mkwe wangu alizaliwa Mwanza, kwenye duka la baba yake Mhindi, akaja Birmingham akiwa kijana. Kiswahili alikijua. Lakini kwa miaka minne tangu nimwoe binti yake, alinisemesha Kiingereza tu, tena kwa kupitia mtu: "Mwulize mumeo kama anataka chai." Kwetu, mtaa wa Saltley humohumo mjini, hakuwahi kutia mguu.

Mke wangu akiwa na mimba ya miezi sita, mzee aliamua kwenda Gujarat, India, kuuona mji wa mababu zake, na goti lake halikumruhusu kusafiri peke yake.

"Nenda naye, please," mke wangu aliniambia. "Nataka mtoto azaliwe ana babu."

Nikaenda, shingo upande.

Mji wenyewe watalii hawaujui. Zamani ulikuwa makao ya wafalme. Sasa ni soko la vitunguu lililobanana ndani ya kuta za ngome, pamoja na kisima alichochimbisha malkia mmoja, chenye ngazi za mawe zinazoshuka ardhini kiasi cha ghorofa sita. Pembeni hakuna cha kushikilia. Mzee aliukataa mkono wangu, akatangulia.

Katikati ya ngazi goti likagoma. Akaketi palepale, bega moja ukutani, upande wa pili shimo tupu. Mimi nilikuwa ngazi tatu juu yake.

"Wewe! Kuja hapa! Shika mimi! Upesi!"

Kiswahili, hatimaye. Bibi yangu alipika jikoni kwa Wahindi wenye maduka miaka ishirini, na Kiswahili alichosemeshwa ndicho hicho cha kuamrishwa. Damu ikanichemka. Sikusogea.

"Sema naomba," nikamwambia.

Alinitazama. Kokoto ikateleza chini ya kiatu chake, ikaporomoka gizani. Nilijua kabisa kwamba ninalofanya ni baya. Akilini nilimwona mke wangu na tumbo lake, nami bado nikasimama.

"Sema naomba, baba."

Akasema, "Hiyo sijui. Dukani hapana fundisha mimi hiyo."

Hakuwa akinikejeli. Machozi yalikuwa yakimtoka.

Nilishuka, nikampitishia mkono kwapani, tukaanza kupanda. Kila ngazi alisema, "Naomba. Naomba." Nilimwambia inatosha. Hakunyamaza, hata nilipomwomba.